Ndugu wa Kichuguuni

Ijumaa ya kwanza, Nalongo Zeridda alipochungulia dirishani mwa jiko la shule akaona watoto arobaini wamekumbatia miti, alidhani wamepewa adhabu. Akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria ya posho, ule ugali wa shule, akatoka mpaka mlangoni ajue wamekosa nini. Hakuna aliyekuwa akilia. Walikuwa wamefumba macho, mashavu wameyabandika kwenye magome, na katikati yao alizunguka kijana mwembamba mwenye buti mpya za kahawia, akinong'ona kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

“Usiuseme mti. Sikiliza. Uulize, leo unajisikiaje?”

Zeridda alisonya. Msonyo wake ulijulikana Bukasanda nzima, na wapo waliosema ndiyo sababu mbwa wa kijiji kile hawakai jikoni. Kisha akarudi kwenye posho yake, ambayo walau haikujifanya inasikia.

Kijana yule aliitwa Busuulwa. Alikuwa na shahada kutoka Kampala, na alitumwa na shirika moja lililojiita Watoto na Msitu, aje kila Ijumaa kuwatia vijana moyo wa kuyapenda mazingira. Shule yenyewe imeuegemea msitu wa Nakiyanja. Watoto wa Bukasanda husikia tumbili kabla ya kusikia majina yao. Sasa ametoka mtu mjini, kapanda gari mwendo wa saa mbili, kuja kuwajulisha kwa msitu uliokuwa ukiwatazama tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Zeridda aliona ni sawa na mgeni kukutambulisha kwa mumeo.

Lakini tusimsingizie kwamba aliwatetea watoto. Dharau yake haikuwa na ubaguzi. Watoto wa siku hizi, alisema, wanaujua mparachichi kwa sababu unaangusha chakula. Mti usioangusha chakula, kwao ni kuni ambazo hazijakauka. Mjukuu wake mwenyewe, Nabukalu, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeishi naye tangu baba yake aanze kuendesha malori ya Juba, alikuwa nyota wa klabu hiyo. Kila mtoto aligawiwa mti wa kufanya naye urafiki, na Nabukalu akapata mvule mkubwa nyuma ya vyoo, akaubatiza Patience.

“Patience!” Zeridda alisema siku hiyo wakimenya matoke. “Mti wa watu umeishi miaka mia bila jina la kizungu, leo umekuwa msichana wa saluni.”

“Jajja, ni ili tuukumbuke.”

“Mti mnene vile, mpaka uupe jina ndiyo uukumbuke?”

Nabukalu aliinamia tena matoke yake. Kwa bibi yake mtu hujifunza kunyamaza mapema.

Sasa, Zeridda alikuwa na jambo lake, na jambo hilo hakuna aliyelijua. Kati ya ua wa shule na msitu kulikuwa na mteremko wa majani marefu uliojaa vichuguu; vingine vilimfika mtu magotini, na kimoja kilimpita kimo. Mara mbili kwa mwaka, mvua zikishika, uyoga mdogo mweupe ulitoka ardhini kuvizunguka vichuguu hivyo, mwingi mpaka mtu akose pa kuweka mguu. Ulitoka alfajiri, na ukiuacha siku tatu umeoza. Zeridda alikuwa akiuchuma peke yake kwa miaka arobaini. Wanawake wenzake walipomuuliza anaupata wapi, aliwajibu, “Kwa dada yangu, Mpigi.” Dada hakuwa naye Mpigi wala kwingineko. Na ili watoto wa shule wasipachezee pale, alikwisha kueneza, miaka thelathini iliyopita, habari za joka linalolala kwenye kile kichuguu kikubwa. Joka lile liliota mizizi. Walimu waliajiriwa wakastaafu wakiwatahadharisha watoto juu ya joka la Nalongo, na hakuna aliyewahi kuona hata gamba lake.

Nyumbani nako siri ilikuwa rahisi, maana mwiko wa ukoo ulimlindia. Zeridda ni wa ukoo wa Senene, wale panzi wa kuliwa, na senene hajawahi kumtia mdomoni hata siku moja. Mumewe marehemu, Erisa, aliyeitwa Ssalongo kama yeye Nalongo kwa kuzaa mapacha, alikuwa wa ukoo wa Butiko, yaani Uyoga, na watoto hufuata ukoo wa baba. Kwa hiyo mume alikula senene, mke akala uyoga. “Yeye alikula ndugu zangu, mimi nikala ndugu zake,” Zeridda hupenda kusema, “na ndoa ikadumu miaka thelathini na mmoja.” Ssalongo alikuwa mkali kwa mwiko wake. Si kula tu. Alikataza mwanawe au mjukuu yeyote asiushike uyoga kwa mkono, wala hata kikapu chake. Zeridda alikubali haraka, watu wakamsifu kwa utiifu. Utiifu gani? Ilimfaa tu. Alipikia chungu chake kidogo cheusi nyuma ya nyumba, akala akiwa amewapa wenzake mgongo.

Zilikuwapo asubuhi, ni kweli, alipoinua majani akaukuta uyoga umetanda weupe mpaka ukingoni mwa msitu, akatamani kumwita mtu yeyote aje aone. Halafu hukumbuka kwamba mtu akiona mara moja, mara ya pili huja na beseni.

*

Wiki ya nne Busuulwa aliingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe.

“Asante kupika, Nalongo.”

“Asante kunong'ona, ssebo.”

Kijana alicheka, maana ameitwa bwana na hakujua kama ametukanwa. “Ijumaa ijayo tuna wageni. Bi Kobusingye mwenyewe, mkuu wa shirika, na wenzake. Nimeambiwa wewe ndiye utakayetupikia. Watu thelathini. Matoke, wali, nyama, na soda tutaleta sisi.”

“Wanakuja kukumbatia?”

“Wanakuja kuzindua. Tunajenga kituo, Nalongo. Vibanda sita, jiko la nje, na uwanja wa kuketi duara. Watoto wa Kampala watakuja kulala hapa, waungane na asili.”

“Mtakijenga wapi?”

“Pale mteremkoni, kwenye vichuguu. Mahali penyewe pamekaa bure. Ijumaa watoto watapiga jembe la kwanza, Jumatatu trekta inasawazisha, halafu tunamwaga dawa ya mchwa.”

 Zeridda aligeukia sufuria asionekane uso. “Pana joka pale,” alisema.

“Mwalimu mkuu ameniambia. Trekta italimaliza.”

Uongo wa miaka thelathini ukafa hapo hapo. Zeridda, ili apate nafasi ya kufikiri, alimkaribisha kijana chakula, akafunua chungu chake cheusi kilichokuwa pembeni. Mchuzi wa karanga ulikuwa na uyoga mkavu wa msimu uliopita. Busuulwa alinusa, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

“Huo ni uyoga? Samahani, nyabo. Mimi ni wa Butiko.”

“Wewe?”

“Wa Butiko hasa. Sijauonja, sijaushika. Kwetu mama alikuwa hauruhusu hata kupita mlangoni.” Alisema kwa fahari, kifua mbele.

“Na kuuona je, ukiwa shambani umeota?”

“Niuone wa nini?”

“Unadhani unaota wapi, ssebo?”

Busuulwa alikuna kidevu. “Kwenye... magogo? Mahali pa giza giza. Mimi nimeuonea sokoni.”

Zeridda alimtazama kuanzia buti mpaka nywele. Hapa kasimama mtu mwenye shahada ya mambo ya msitu, mwenye mwiko alioupokea kwa babu na babu wa babu, na ameulinda vizuri sana, hata hajui anachokilinda. Anakwenda kukifukua kwa trekta na kukimwagia sumu, kisha atakwenda nyumbani akakatae mchuzi. Asiyejua maana haambiwi maana, alijisemea, lakini safari hii asiyejua alikuwa na trekta.

Alitaka kumwambia. Lakini akisema, kijiji kizima kitajua, na kufikia mvua hii kila mwanamke wa Bukasanda atakuwa pale na beseni lake. Asiposema, Jumatatu hapana kichuguu. Vyovyote vile uyoga wake umekwenda. Alisimama na upawa mkononi, akachagua kunyamaza, kwa kuwa kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea.

“Chukua maharage basi,” alisema. “Hayana ukoo.”

*

Mvua zilianza Jumapili. Jumanne jioni Nabukalu alisimama mbele ya bibi yake, karatasi mkononi, akijaribu hotuba yake. Yeye ndiye aliyeteuliwa kusema mbele ya wageni na kupiga jembe la kwanza.

“Sisi vijana ni walinzi wa kesho...”

“Kesho ipi? Hata kuku wa leo hamjawafungia.”

“...na leo tunajifunza kuusikiliza moyo wa ardhi...”

“Unasemaje?”

“Jajja!”

“Nauliza tu. Moyo wa ardhi unasemaje? Au nao umepewa jina, unaitwa Doreen?”

Nabukalu alikunja karatasi.  “Wewe kila kitu ni cha kucheka. Busuulwa unamcheka, Patience unamcheka, mimi unanicheka. Yule walau anatuambia tutazame. Wewe umewahi kunionyesha nini, jajja? Umenionyesha kusugua sufuria.”

Zeridda alifungua kinywa kutoa jibu, maana majibu hayajawahi kumpungukia. Kilichotoka ni hasira, na hasira ilijua njia kuliko yeye.

“Kesho uamke kabla ya jogoo. Nitakuonyesha utakachokwenda kukipiga jembe.”

Walikwenda majani yakiwa bado yanatona maji. Zeridda alitangulia, kikapu kwapani. Nabukalu alisimama penye ua wa shule.

“Na joka?”

“Joka ni mimi. Twende.”

Chini ya kile kichuguu kikubwa Zeridda aliinua majani kwa fimbo. Ardhi ilikuwa nyeupe, kama mtu amemwaga chumvi ya gunia zima: uyoga mdogo kuliko ukucha, elfu kwa elfu, umesimama wima.

“Ni nini hii?” Nabukalu aliuliza.

“Ni wewe.”

“Mimi?”

“Butiko. Si kila ukijitambulisha unasema wewe ni wa Butiko? Basi hao ndio jamaa zako. Hamjawahi kuonana?”

Nabukalu alichuchumaa. Mikono aliiweka nyuma ya mgongo, kama babu yake alivyofundisha, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia udongo.  Mchwa walipita katikati ya vikonyo, kila mmoja na punje yake ya udongo, naye aliwafuata kwa macho mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia asikilize, wala hakufumba macho. Zeridda alikuwa ameandaa kejeli mbili njiani, nzuri sana, na zote zikampotea.

“Unatoka kwa mchwa?” Nabukalu aliuliza hatimaye.

“Mchwa ndio wanaoulima. Waue mchwa, hutauona tena, si msimu huu si mwingine.”

“Mwalimu Busuulwa anajua?”

“Mwalimu Busuulwa anadhani unaota sokoni.”

Msichana alicheka, kisha kicheko kikakatika. “Lakini yeye ni wa Butiko.”

“Ndiyo.”

“Na Jumatatu trekta.”

“Ndiyo.” Zeridda alianza kuchuma, haraka haraka, vidole vyake vikijua kazi. “Sasa umeona. Usimwambie mtu mahali hapa. Umenisikia?”

Nabukalu hakujibu. Bibi yake alilichukua hilo kuwa ndiyo, kwa kuwa miaka yote ndivyo lilivyokuwa.

*

Ijumaa magari matatu yaliingia. Bi Kobusingye alikuwa mwanamke wa Ankole, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya jua. Walikula, wakasifu matoke, wakapiga picha na miti. Kisha msafara ukaelekea mteremkoni: wageni, walimu, watoto arobaini wenye fulana za kijani, na nusu ya kijiji, kwa sababu soda ilikuwa ya bure. Usiku uliotangulia ilinyesha tena. Majani yalikwisha kufyekwa kutoa nafasi, na Busuulwa alisimama mbele, karibu na kichuguu kikubwa, uso uking'aa, mikono ameitandaza.

Zeridda alikuwa nyuma na kreti ya soda kichwani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alijisemea. Hawa wamejiletea jembe siku ya kwanza.  Alitazama vichuguu vyake kama mtu anayetazama vyombo vyake vikitolewa nje na madalali.

Nabukalu alipewa jembe lililofungwa utepe. Alisonga mbele, akaliweka begani, na karatasi ya hotuba hakuitoa. Alianza kwa kutaja ukoo, jinsi mtoto mwenye adabu anavyojitambulisha mbele ya watu wazima.

“Mimi ni Nabukalu, binti wa Yokana, mjukuu wa Ssalongo Erisa wa Bukasanda, wa ukoo wa Butiko. Kama ninaye ndugu hapa, anijibu.”

Wazee walinong'ona kwa kuridhika. Busuulwa alitabasamu mpaka masikioni; hakutegemea bahati hii mbele ya mkuu wake. Akajipiga kifua.

“Mimi ni Busuulwa, mwana wa Danieri, mjukuu wa Zakariya, wa ukoo wa Butiko. Nakujibu, mwanangu.”

Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Nabukalu alingoja vitulie.

“Basi wewe ni baba yangu mdogo.”

“Ndiye mimi.”

“Baba mdogo, nina swali moja.”

“Uliza, mwanangu, uliza.”

“Umesimama juu ya nani?”

Busuulwa alitazama kulia na kushoto akitafuta maana. “Juu ya... ardhi. Ardhi mama yetu sote.”

“Tazama vizuri, baba mdogo. Si wewe uliyetuambia tutazame?”

Akatazama. Kati ya mashina ya majani yaliyofyekwa, pande zote za buti zake za kahawia, palikuwa peupe, na chini ya buti zenyewe peupe pamepondeka kuwa uji. Alikuwa bado hajaelewa. Aliyeelewa kwanza ni mwanamke mmoja wa mbele, aliyeshika mdomo kwa mikono miwili, maneno yakamtoroka hata hivyo.

“Mama wee! Mtu wa Butiko anaikanyaga Butiko!”

Busuulwa aliruka. Akaangukia penye weupe zaidi.

“Usirudi nyuma, bwana, huko kuna shangazi zako!” mzee mmoja alipiga kelele, na mteremko wote ukapasuka kwa kicheko. Kijana alisimama kwa mguu mmoja, huku ule mwingine ukining'inia, hajui auweke juu ya jamaa gani. Zeridda aliwahi kuomba Mungu amwonyeshe jambo kama hili. Ajabu ni kwamba hakulifurahia alivyotarajia.

Bi Kobusingye, ambaye mambo haya hayakuwa ya kwao, aliinama kwa mwalimu mkuu. “Wanacheka nini?” Mwalimu mkuu alimweleza sikioni, jasho likimtoka: kwamba huo ni uyoga, na uyoga ni mwiko wa ukoo wa kijana, na huota kwenye vichuguu hivi hivi vitakavyosawazishwa. Mama yule hakucheka.

“Busuulwa. Mahali hapa ulipakagua?”

“Nilipakagua, nyabo. Mara mbili.”

“Ukiwa umefumba macho?”

Nabukalu alilaza jembe chini, kwa uangalifu, mahali pasipo kitu. “Mimi sipigi,” alisema. “Na mchwa wakiuawa, hautaota tena. Sikuyatoa kitabuni haya. Jajja yangu ndiye anayejua. Muulizeni yeye.”

Macho yote yakageuka nyuma. Miaka arobaini ya siri ilisimama pale na kreti ya soda kichwani. Wanawake wa Bukasanda walimtazama Zeridda, wakautazama uyoga, wakamtazama tena, na mmoja akasema polepole, “Kumbe Mpigi ndiyo hapa.”

“Nimeleta soda,” Zeridda alisema. “Zinapata moto.”

Kufikia saa tisa ilikwisha amuliwa kwamba kituo kitajengwa kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia kahawa, upande wa pili wa shule, ambapo hapaoti kitu. Busuulwa alirudi garini amevua buti, amezishika mkononi, na hakumnong'oneza mtu yeyote.

*

Kesho yake Zeridda aliondoka nyumbani mapema kuliko siku zote. Alijua wanawake watakuja. Alijua wangekuja na mabeseni, na wakwe zao, na magunia, na kwamba hii ndiyo alfajiri yake ya mwisho. Kitanda cha Nabukalu kilikuwa kitupu, naye hakujishughulisha kuuliza kwa nini.

Alimkuta njiani, pale ua wa shule unapoishia. Msichana alikuwa ameketi katikati ya kijia, na kando yake watoto sita wa klabu, wamejifunika kanga za mama zao.

“Ondoka njiani,” Zeridda alisema.

“Sipo njiani. Nipo kwetu.”

“Nabukalu, usinichezee.”

“Unakula ndugu zangu, jajja.”

“Na wewe kila mwezi wa kumi na moja unakula wangu, kwa chumvi na kitunguu, na mabawa unatema. Sijawahi kukuwekea walinzi!”

Watoto walicheka. Nabukalu naye alikaribia kucheka, akajizuia, akamtazama bibi yake moja kwa moja, jambo ambalo watoto wa Bukasanda hawalifanyi.

“Miaka kumi na mitatu, jajja. Nimelala karibu na hapa miaka kumi na mitatu, naogopa joka. Ungenyamaza mpaka trekta ije?”

Kwa kila mtu Zeridda alikuwa na jibu. Kwa mwalimu mkuu alikuwa nalo, kwa padri alikuwa nalo, kwa mumewe aliyekufa bado alikuwa nalo. Hapa jibu lilikuwa moja, na hakutaka kulisema. Angenyamaza. Alikwisha kunyamaza, jikoni, upawa mkononi. Alimdharau kijana mwenye buti kwa kuwafundisha watoto kupenda wasichokiona. Lakini yule alikuwa hajui. Yeye alijua, na alikuwa amekula akiwa amewapa mgongo. Aliona haya, haya za kweli, zilizompanda shingoni mpaka masikioni, na alishukuru kwamba jua lilikuwa bado.

Chini kwenye kijia sauti za wanawake zilianza kusikika, na mabeseni yakigongana.

“Wataufyeka wote,” Zeridda alisema. Sauti yake haikuwa na kejeli ndani.

“Ndiyo maana tunakungoja,” Nabukalu alisema. “Tutawaambia wachume nusu, nusu ibaki. Lakini sisi hatujui upi unachumwa na upi unaachwa. Hatujui hata wenye sumu unafananaje.”

“Mmekumbatia miti mwezi mzima, na wenye sumu hamuujui?”

“Hatuujui, Nalongo,” mtoto mmoja aliitikia, kwa adabu.

Zeridda alisonya. Ulikuwa msonyo mfupi, wa desturi tu. Alipita katikati yao, akainua majani kwa fimbo, akawaita wakae kando wasikanyage. Kisha akageuka, akamnyooshea mjukuu wake kikapu. Nabukalu alirudisha mikono nyuma ya mgongo.

“Babu alikataza.”

“Babu yako alikataza kwa sababu nilimwacha akataze,” Zeridda alisema. “Shika, mwanangu. Kushika si kula.”